Visahani vya Chonjo

Wahenga hawakuwa na darubini wala makoti meupe ya maabara, lakini chawa waliwajua vizuri. Walimwona mtu akijikuna usiku kucha huku akimlaani jirani, wakamshauri avue kwanza nguo yake aikague. Methali waliyotuachia tunaipenda sana tunapotaka kumtuhumu rafiki au ndugu. Wachache huitumia kujichunguza wenyewe, na binti wa hadithi hii hakuwa mmoja wao.

Mama yake, mwokaji wa mikate, ndiye aliyempa jina la Chonjo. Tangu utotoni, kabla hajagusa kipande chake cha mkate, alikuwa akipima kwa macho vipande vya ndugu zake wote. Hata hivyo, akili yake ilikuwa kali kama wembe. Likizo ndefu ilipofika, alichaguliwa pamoja na wanafunzi wengine wachache wa sekondari kwenda chuo kikuu kufanya utafiti wa sayansi. Mama alimkumbatia akiwa na unga mpaka viwikoni. Kisha akatungua sweta lake la sufu kwenye msumari wa chumba cha kuokea, akampa.

"Vaa hili, mwanangu. Nasikia huko kuna viyoyozi, baridi yake si mchezo."

Siku ya kwanza, wanafunzi walipokuwa wakivaa makoti meupe, mvulana mmoja alinusa hewa. "Jamani, nani kaleta mkate? Mmeniamshia njaa!"

Wenzake wakaangua kicheko. Chonjo akamgeukia, macho yamemwiva. "Mama yangu anaoka mikate, na mikate hiyo ndiyo iliyonilea. Atakayeutaja mkate tena humu ndani, atanitambua!"

Kicheko kikakatika. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kutaja mkate mbele yake, hata kwa nia njema.

Kazi aliyopewa Chonjo ilikuwa kuchunguza ni sabuni gani inayoua zaidi vijidudu vya kwenye vitasa vya milango. Alifuta vitasa kwa pamba, akapaka alichokipata kwenye visahani vyenye rojo lililoganda, akaviweka ndani ya kabati la joto ili vijidudu viote. Mwisho wa likizo, kila mwanafunzi angesimama mbele ya wahadhiri kueleza alichokigundua. Asiye na matokeo angerudi nyumbani mikono mitupu.

Visahani vya kwanza viliharibika. Vilijaa madoa meupe ya mviringo kama matone ya maziwa, hata kile ambacho hakikupakwa kitu chochote. Chonjo akarudia kazi. Madoa yakarudi. Dokta, yule mama mtafiti aliyewasimamia, akachukua doa moja na kulitazama kwa darubini.

"Hii ni hamira," akasema. "Kuna mtu anayeleta mkate humu?"

"Hapana, Dokta. Mimi sijawahi," Chonjo akajibu, na kweli hakuwahi.

Lakini moyo wake ulilipuka. Hamira! Kati ya vitu vyote vya dunia, hamira! Basi kuna mtu aliyekuwa akimwekea makusudi, ili kumharibia kazi na kumkejeli mama yake kwa pamoja. Hakumweleza Dokta kwamba mama yake ni mwokaji. Akaanza kuwachunguza wenzake mmoja mmoja.

Hakuchunguza sana kabla ya kumpata wa kumtilia shaka. Meza ya jirani ilikuwa ya msichana mmoja mkimya waliyemwita Miwani. Visahani ambamo Miwani aliotesha mbegu zake vilikuwa safi siku zote. Miwani aliwahi kufika kuliko wote. Mara kwa mara alitupa jicho kwenye mikono ya Chonjo, akafumbua kinywa kama mwenye neno, kisha akakifumba. Mtu mwenye moyo mweupe hafanyi hivyo, Chonjo akajiambia.

Asubuhi moja alinyata, akamkuta Miwani ameinama juu ya meza yake, kitambaa mkononi.

"Unatafuta nini kwenye meza yangu?"

Miwani akashtuka. "Si... sitafuti kitu. Nafuta tu."

"Unafuta nini?"

Miwani alitazama sweta la Chonjo. "Vumbi."

"Vumbi! Yako umeshamaliza kufuta, sasa umekuja kunisaidia mimi?"

Siku hiyo visahani viliharibika tena. Maji yalikuwa yamezidi unga. Chonjo akaenda moja kwa moja kwa Dokta, akamtaja Miwani kwa jina.

"Tuhuma si ushahidi, mwanangu," Dokta akasema. Alifikiri kidogo, akamwita Miwani. "Wiki hii utakaa nje ya maabara. Visahani vya mwenzako vikitoka safi, nitajua la kufanya, na huenda ukarudi nyumbani. Vikiharibika, utakuwa huna kosa."

"Na mimea yangu, Dokta?" Miwani akauliza. Alikuwa akiotesha miche midogo iliyohitaji kuangaliwa kila siku. "Nani ataimwagilia?"

"Chonjo atakusaidia."

Chonjo aliitikia kwa kichwa. Lakini angewezaje kumsaidia adui? Miche ile hakuigusa hata siku moja.

Wiki hiyo alifanya kazi kwa raha. Alifunga kabati la joto na kuweka ufunguo mfukoni. Alipolifungua, alikodoa macho asiamini. Madoa meupe yalikuwa yamejaa tele. Akamshuku mfagizi. Akamshuku yule mvulana wa kicheko. Kwa dakika chache, Mungu amsamehe, alimshuku hata Dokta. Akavificha vile visahani nyuma ya chupa, akarudi nyumbani jioni kama kila siku, amenuna.

Mama alikuwa anakanda unga. "Nipe hilo sweta nilikung'ute, lisije likaliwa na nondo," akasema. Akalipeleka mlangoni, akalipiga kwa kiganja. Vumbi jeupe likatimka katika mwanga wa jioni, na mama akakohoa huku akicheka. "Mama wee! Unga uliomo humu na hamira yake unatosha kuumua mkate mwingine!"

Chonjo akakaa kitako sakafuni. Mikono ya sweta lile ilikuwa mirefu kuliko mikono ya koti jeupe. Kila siku ilichomoza nje, ikapita juu ya visahani vilivyo wazi.

"Una nini wewe? Umeona jini?"

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "nimemfukuzisha mtu."

Usingizi haukumjia upesi, kwa sababu shetani naye alikuwa na ushauri wake. Dokta alikuwa hajaviona visahani vile. Angeweza kuvitupa, akafanya vingine bila sweta, vikatoka safi kama maji ya mtungi. Yeye angepata matokeo yake, na Miwani angebeba lawama hadi kwao. Hakuna ambaye angejua. Wazo hilo lilimvutia, na kuvutiwa kwake kukamwogopesha.

Asubuhi alitwaa visahani viwili vipya. Kimoja alikigusisha mkono wa sweta, cha pili akakiacha bila kukigusa. Vilipoota, akaomba Miwani aitwe, akaviweka mezani mbele ya Dokta na wanafunzi wote. Cha pili kilikuwa safi. Cha kwanza kilikuwa cheupe kote.

"Hamira ilitoka kwangu," akasema. "Miwani hana kosa."

Miwani hakuonyesha mshangao. "Nilijua. Nilikuwa nauona unga juu ya meza yako, ndiyo maana nikaja mapema kuufuta."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Uliapa kwamba atakayetaja mkate atakutambua."

Chonjo alitazama chini. Dokta naye akainamisha kichwa, kwa kuwa adhabu ile aliitoa yeye. Miwani akaenda dirishani kwenye miche yake. Yote ilikuwa imekauka. Aliigusa mmoja mmoja kwa ncha ya kidole, na kuona hivyo kulimchoma Chonjo kuliko matusi.

Muda uliobaki haukutosha kurudia kazi zote mbili. Chonjo aliacha vitasa vyake, akapanda mbegu mpya pamoja na Miwani na kumwagilia kila asubuhi. Siku ya wahadhiri, Miwani alisimama akaeleza habari za miche yake, akapigiwa makofi. Chonjo alikuwa nyuma kabisa, sweta amelifunga ndani ya mfuko mapajani.

"Na wewe binti," mhadhiri mmoja akamwuliza, "ulitafiti nini?"

Chonjo akasimama. "Nilimsaka adui yangu likizo nzima," akasema, "nikaja kumkuta kwenye mkono wa sweta langu."

Ukumbi ukacheka. Miwani peke yake hakucheka, na Chonjo alipoketi machozi yakimlengalenga, alijua kwamba wahenga hawakukosea hata neno moja: kikulacho ki nguoni mwako.