Jini wa Jungu na Mfuko wa Lahaula

Alikuwako, na waliomwona walisimulia, Sultani Muntasiri bin Harubu, mtawala wa mji wa Kafurini, na katika mji wake alikuwako mpika halua aitwaye Fadhluni, na Fadhluni huyu, Mungu atupe subira sisi tunaolazimika kumsimulia, alikuwa na mkono usiojua kufumba. Halua yake ilisifiwa hadi kwa mawaziri, na jasho lake lingemtosha, lakini tena alirithi kwa bibi yake jungu kuukuu la udongo, na ndani yake alifungwa jini aitwaye Barkashi, na kila mwezi ulipoandama jini alitoka na kumkabidhi mwenye jungu dinari arobaini.

Mtu mwenye kazi na jini utadhani alitajirika. Wapi. Watu wa Kafurini walikuwa na ada ya vunja jungu, yaani kula na kushereheka siku za mwisho za Shaabani kabla ya kuingia Ramadhani, na ada hiyo ni ya mara moja kwa mwaka. Fadhluni aliifanya kila mwisho wa mwezi. Alishikilia kwamba dinari ikilala junguni hadi mwezi mpya huleta mkosi na kuzifukuza zile arobaini zinazokuja, basi aliita wapiga ngoma na waimbaji, na kila walipomtaja jina aliwatuza, na walimtaja mno.

"Ewe bwana wangu," alisema Barkashi mwezi mmoja, akiwa amechoka hata kuhesabu, "nimekwambia mara ishirini na nne, na hii ni ya ishirini na tano. Aliyenifunga aliapa kwamba nitakuwa huru nikikuta japo dinari moja imebaki junguni, miandamo saba mfululizo. Moja tu. Nina miaka mia tatu humu, nimetumikia mabwana kumi na tisa, na hakuna aliyebakisha."

"Mwezi ujao, inshallah," akasema Fadhluni.

"Mwezi ujao," akasema jini, na akarudi junguni na kujifunika kifuniko kwa kishindo.

Fadhluni alikuwa na mchumba, Zamzamu binti Rubea, muuza zafarani na iliki, na alimpenda kwa dhati, lakini harusi ilikwisha kuahirishwa mara tatu kwa sababu bwana harusi hakuwa hata na fedha ya mkeka. Mara ya nne Zamzamu alikwenda mwenyewe, akaketi penye jungu na kusema, "Mimi siolewi na mtu anayevunja jungu mara kumi na mbili kwa mwaka. Ukitaka tuoane, fedha hii tuipange leo, mbele ya huyu jini."

Akatoa mifuko minne ya kitambaa cha marekani. Wa kwanza ulikuwa wa chakula na nyumba, wa pili wa sukari, samli na kuni za kazi, wa tatu wa furaha, maana alimjua mtu wake na hakutaka kumuua kwa siku moja. Wa nne akautia dinari nne na kuuweka ndani ya jungu.

"Na huu je?" akauliza Fadhluni.

"Huu ni mfuko wa lahaula. Haufunguliwi mpaka litufike jambo la kutufanya tuseme lahaula."

"Na ngoma?"

"Ngoma si lahaula," akajibu jini kutoka junguni.

Ikawa miezi saba, kila mwezi dinari nne, na kila mwezi Fadhluni alinung'unika na kuuzunguka mfuko ule, na kila mwezi Barkashi na Zamzamu walimtazama mpaka akaondoka. Katika mwezi wa saba Sultani alimwita barazani na kumwambia, "Ewe Fadhluni, tunamwoza binti yetu, nasi tunataka sinia mia za halua. Ukitimiza, utakuwa mpika halua wa kasri letu. Usipotimiza, utauhama mji huu." Malipo baada ya shughuli, bila shaka, kwa kuwa wakubwa hawalipi kabla.

Siku sita kabla ya harusi, sufuria yake kubwa ya shaba ilipasuka kitako, na samli yote ikamwagika motoni.

"Lahaula," akasema Fadhluni, na akaketi chini na kulia. "Barkashi, nipe sufuria."

"Mimi nimeandikiwa dinari arobaini kila mwandamo, bwana wangu, na mwezi haujaandama. Fungua mfuko."

Mfukoni mlikuwa na dinari ishirini na nane. Mfua shaba alitaka thelathini kwa sufuria mpya. Zamzamu akamsihi na kumbana tangu adhuhuri hadi alasiri, akamwachia na ile shaba iliyopasuka, mpaka mtu yule akakubali ishirini na saba ili apate kupumzika. Ikabaki dinari moja.

Samli ikanunuliwa kwa mfuko wa pili, halua ikapikwa, sinia mia zikafika kasrini, na Sultani akaridhika. Siku ya kuandama mwezi, karibu na magharibi, rafiki zake Fadhluni wakaja na ngoma zao na kumnong'oneza, "Itumie hiyo moja, nawe utabaki na jini maisha yako yote. Nani huachilia arobaini kila mwezi?"

Fadhluni akaingiza mkono junguni na kuishika dinari. Barkashi akajikunyata kitakoni mwa jungu kuupisha mkono.

"Miaka miwili nimekula arobaini za jini, na sikuwa na kitu," akasema Fadhluni. "Nne nne hizi ndizo zilizonibakisha mjini." Akaiacha, akautoa mkono mtupu, na mwezi ukaandama.

Jungu likatoa mlio mmoja, na Barkashi akasimama nje, huru, akilia wazi bila kujificha. Akaaga, akafika mlangoni, kisha akarudi.

"Bwana wangu, nipe hiyo dinari."

"Ya nini, nawe ni jini?"

"Kwetu ni mbali," akasema Barkashi, "na sijui kitakachonikuta njiani."

Fadhluni akampa, akamwoa Zamzamu, na kasri likawatajirisha kwa halua. Mwezi uliofuata hapakuja dinari arobaini. Zilikuja nne, za jasho lao, zikaingia junguni. Basi wewe uliyesikia, weka chako kabla ya lahaula, maana jini ameshakwenda zake na ametuchoka.