Mkomamanga Uliozaa Boga

Imetufikia katika habari za waja wema wa kale kwamba katika mji mmoja wa Shamu aliishi mjane mchamungu, Bibi Hunayda, aliyejikimu kwa bustani ya nyuma ya nyumba yake. Mwanawe wa pekee, Suhaimu, alikuwa gerezani, ameshitakiwa kuiba zulia la msikiti baina ya adhuhuri na alasiri. Mama aliapa kwamba saa hizo kijana alikuwa naye, wakizibua mfereji wa maji. Liwali akamjibu kwa upole, "Mama, ushahidi wa mzazi kwa mwanawe haupokelewi. Nani asiyejua mama atasema nini?"

Majira ya joto yakapita, miti ikapukutisha majani. Asubuhi moja wapita njia wakaona ajabu juu ya ukuta wa Bibi Hunayda: mkomamanga mtupu, hauna jani wala komamanga, na tawini linaning'inia boga kubwa la manjano. Mtaa mzima ukaleta tasbihi. Wengine wakaleta na wagonjwa wao.

Liwali, aliyependa sana karama zitokee katika utawala wake, akamtuma mjumbe. Mjumbe akalitazama boga kutoka barabarani, akalithibitisha kuwa ni muujiza, akaamuru mbiu ipigwe sokoni. Ndipo akakumbuka kubisha hodi.

"Hongera, Bibi. Liwali amesema mwenye baraka hizi aombe lolote, atapewa leo hii."

Bibi Hunayda akashika mwimo wa mlango. Alikuwa na ombi moja tu, na lilikwisha fika ulimini. Akalimeza.

"Astaghfirullah," akasema. "Njoo, baba, nikuonyeshe."

Akamwonyesha chini ya mti. "Nilipanda mbegu ya boga hapa shinani, mmea ukaparamia juu. Baridi imekausha majani yake, umebaki ugwe uliojisokota na matawi. Na boga nililifunga mwenyewe kwa kipande cha ushungi wangu, lisije likaanguka kwa uzito. Fundo lile pale."

Mjumbe akatokwa na jasho. "Bibi, mbiu imekwisha pigwa!"

"Basi ipigwe nyingine."

"Ya kufuta muujiza? Hilo halina utaratibu. Nani atamwambia Liwali?"

"Mimi."

Akalikata boga, akajitwika, akaenda nalo barazani na kueleza yote.

Liwali akauliza, "Ulijua ungeomba nini?"

"Nilijua, bwana."

"Na ukamwacha mwanao gerezani?"

"Mwanangu hakuiba. Nimtoe vipi kwa kumsingizia Mola wangu?"

Liwali akainamisha kichwa. "Niliukataa ushahidi wako kwa kuwa mama huongopa kwa ajili ya mwanawe. Leo umenivunjia hoja yangu. Rudia ulilosema siku ile."

Akalirudia, neno kwa neno. Alasiri Suhaimu aliswali nyumbani, na boga likapikwa. Mjumbe naye alikula. Mbiu ya pili haikupigwa kamwe. Mabaraza yana njia zao za kusahau.

Ndugu zangu, watu wa mtaa ule walisikitika kupokonywa muujiza wao. Walikuwa wamekodoa macho mtini, na mwenye mti amepita katikati yao, boga kichwani. Mola atujaalie ulimi kama wake siku haja zetu zitakapotubishia hodi.