Kibuyu Hakina Mwiba

Hapo kale, wajukuu zangu, kabla ya shule na kabla ya kodi, walikuwapo watu hawa: jumbe Chinguile; mganga Litunu; Sijawa, dada yake Litunu na mke mkubwa wa Mnali; Nanjota binti Chikawe, mke mdogo wa Mnali huyo huyo; na bibi yangu Nampunga, wakati huo mtoto wa miaka tisa, aliyenisimulia. Mnali mwenyewe alikuwa safarini. Nawataja wote kwa majina, kwa sababu wimbo wenu umewaficha.

Ndiyo, huo huo mnaouchezea uani:

Kunywa, dada, kunywa,
kibuyu hakina mwiba;
ukitapika, njoo tucheze,
usipotapika, lala.

Mnacheka. Hata mimi niliucheka.

Mtoto wa Sijawa alikufa kwa homa. Sijawa akasema, "Nanjota kamroga." Enzi hizo neno kama hilo halikuamuliwa kwa mashahidi. Liliamuliwa kwa mwavi, dawa ya gome la mti: anayetapika ana haki; asiyetapika ni mchawi, na mwavi wenyewe humuua. Mshitaki hunywa kwanza, mshitakiwa humalizia. Kibuyu ni kimoja, na siku ile aliyekichanganya ni Litunu.

Sijawa akanywa, akatapika papo hapo. Akafuta mdomo, akaanza kuimba kwa sauti ya kubembeleza mtoto: "Kunywa, dada, kunywa."

Nanjota akachungulia kibuyuni. "Mganga, koroga kwanza."

"Mwavi haukorogwi."

"Dadako kanywa maji ya juu. Mimi waniachia machicha?"

"Mwenye haki haogopi machicha. Au unakiri, bi mdogo?"

Machicha huzama, wanangu, na sumu huzama nayo.

"Babu, mbona hakumwaga?"

Kumwaga kulikuwa kukiri.

Nanjota akageuka. "Jumbe, nawe huoni?"

Chinguile akatazama miguu yake. Aliona. Wote waliona. Lakini desturi ilikuwa hivi: anayemtetea mshitakiwa hunywa naye. Mama yake Nampunga akafungua kinywa, akakifunga. Kisha mmoja akaitikia wimbo, na wa pili, na wa tatu, mpaka kiwanja kizima kikawa kinaimba, ili wasisikie anachosema Nanjota.

Basi wimbo mtamu ukiwajia, ulizeni kwanza nani aliuanza, na nani alikuwa akiimbiwa. Kisa changu nimekitua hapa. Mzigo sasa ni wenu.

Nanjota binti Chikawe alikufa siku hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri.