Magari Mawili Kwenda Nyumbani

Mchungaji amenipa dakika chache, na ameshaitazama saa yake kabla sijafungua kinywa. Sawa. Nilitaka kuwapa mfano wa mkulima, lakini nyie wa siku hizi nikisema mkulima mtaniuliza shamba lina hati. Basi nitawapa wa gari. Gari mnalielewa, maana mmeyapanga hapo nje mpaka mgonjwa hana pa kupita.

Palikuwa na mume na mke, watu wa huku huku mlimani, wanakaa Dar es Salaam. Watoto wakubwa, wameshaondoka nyumbani. Mume alikuwa na gari jeusi, kubwa, analifuta hata mvua ikinyesha. Mke alikuwa na kigari chake kidogo, kimebonyea kila upande kama sufuria ya kupikia watu wa msiba. Maana mama yule alikuwa anagonga, tusifiche. Aligonga geti. Aligonga pipa la maji. Aligonga mnazi, akashuka, akaulaumu mnazi.

Kila mwaka alikuja mtu wa bima. Na bima ya kampuni yao ilikuwa hivi: gari linaendeshwa na aliyeandikwa. Asiyeandikwa akiligonga, hasara ni yenu, msipige simu. Mwaka huo mke akamwomba mumewe amwandike kwenye lile jeusi, ili wakisafiri wapokezane. Kwa nini anataka wapokezane hakusema. Mume akauliza bei. Mtu wa bima akamwambia inapanda, tena si kidogo, kwa sababu ya yale mageti na minazi.

"Mzee, ukimwandika mama, makosa yake yanakuwa yako," akasema. "Unayalipia kabla hajayafanya."

Mume akacheka. "Mama Tumsifu, nakupenda, lakini siyo kwenye usukani. Kila mtu na gari lake."

Mke hakubishana. Akaingia jikoni akamalizia ugali. Mnajua tunavyonyamaza sisi wanawake. Kuna kunyamaza kwa kushindwa, na kuna kule kwingine.

Sasa Desemba ikafika, na Desemba Mchagga haulizwi anakwenda wapi. Wakafunga safari kuja nyumbani Krismasi. Walikujaje? Kwa magari mawili. Mume mbele na gari jeusi, peke yake, viti vinne vitupu. Mke nyuma na kisufuria chake, peke yake. Mwaka baada ya mwaka. Wamelala kitanda kimoja, wamekunywa chai birika moja, wametoka geti moja, halafu njia nzima wanaangaliana kwa vioo. Ndugu zao waliwacheka, wakasema huu ni msafara wa waziri, wapi king'ora? Mume akasema ni mambo ya bima, nyie hamtaelewa.

Na alikuwa na ulimi, baba yule. Mkewe alikuwa na kitenge kimoja cha kutokea. Harusi kitenge kile, kipaimara kitenge kile, msiba kitenge kile. Mume akimwambia mbele za watu, "Mama Tumsifu, hicho kitenge kitakuja kutembea chenyewe." Watu wanacheka. Mke naye anacheka.

Safari ile ninayowaambia, walipopita Mombo gari jeusi likachemsha. Moshi ukatoka kwenye boneti, maji yakamwagika chini, fundi akaja akasema rejeta imepasuka na leo haliendi popote. Basi, gari lile la kufutwa hata kwenye mvua likaachwa kwa fundi, na mwenye gari akaingia kwenye kisufuria, kiti cha abiria, magoti yamefika kidevuni. Mke akaendesha. Mume akawa anamwonyesha shimo, anamwonyesha mbuzi, anakanyaga breki ambayo upande wake haipo.

Wakaendelea hivyo mpaka kwenye lile jua la Same, ambapo hata nyoka anatafuta kivuli. Pale mume akaona mkewe amenyamaza. Akaona gari linakwenda pembeni polepole, likasimama kwenye mchanga. Mama yule presha ilikuwa imempanda. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kushoto umeanguka pajani kama si wake. Nyumba hakuna. Gari linalopita linapita.

Mke akasema, na maneno yanatoka mazito, "Baba Tumsifu, zunguka. Endesha."

Sasa nisikilizeni. Mkewe anakufa. Mnadhani baba huyu alifanya nini? Aliruka? Hakuruka. Alikaa pale na magoti yake kidevuni, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, akasema, "Mimi sijaandikwa humu."

Msimcheke. Ninyi mnadhani lilimtoka kwa ubahili? Lilimtoka kwa mazoea. Alijua yeye alivyomfanyia mwenzake, akadhani naye amefanyiwa vivyo hivyo. Mtu humpima mwenzake kwa kibaba kilicho nyumbani kwake.

Mke akasema, "Umeandikwa."

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyokinunua. Endesha, baba."

Akaendesha. Alivyoendesha sijui, lakini walifika hospitali mtu yuko hai. Wakamlaza, wakamtundikia maji, wakamchoma sindano, na daktari akasema wangechelewa kidogo mazungumzo yangekuwa mengine. Kesho yake mdomo umeanza kurudi mahali pake. Mume amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda, hajala, amekishika kile kitenge maana walikuwa wamemvua. Akauliza lililokuwa linamtafuna. Bei yake huko kwenye bima ilikuwaje?

"Kubwa," mke akasema. "Kuliko yangu mimi mwenyewe na minazi yangu."

"Mimi? Mimi sijagusa hata kuku."

"Ulisinzia ukapindua gari la ofisi kule Kabuku. Ukatuambia ni tairi."

Baba yule akainamisha kichwa. Alidhani hakuna anayejua. Kumbe mkewe aliambiwa na mtu wa bima siku alipouliza bei, na kwa sababu hiyo ndiyo alitaka wapokezane, asije akasinzia tena. Alipokataliwa, mama akaendesha nyuma yake miaka yote, njia nzima, macho kwenye lile gari jeusi, analinda usingizi wa mtu anayemcheka.

Akauliza tena, sasa kwa sauti ya chini, "Na hela ulitoa wapi?"

 Mke akakitazama tu kile kitenge mikononi mwa mumewe. Na yeye akakitazama. Kimefifia, pindo limeshonwa mara mbili kwa uzi wa rangi nyingine. Nyie, nikifika hapa mwili wangu unasisimka na mimi si mtu wa kusisimka. Miaka yote alikuwa anamtania mwanamke kwa nguo ambayo ilikuwa ndiyo bei yake yeye.

"Mbona hukuniambia?"

"Hujawahi kuniomba ufunguo."

Mfano wangu umeishia hapo. Mchungaji, nimalizie, saa yako naiona.

Sisi tumekaa humu kila mtu na gari lake. Sala yangu, dhambi zangu, msiniguse, sikugusi. Tunamwambia Mungu tunampenda, lakini siyo kwenye usukani. Na makosa yetu tumeyaita tairi. Halafu siku ya jua la Same ikija, na kwenu nyote itakuja, tunasimama nje ya rehema mkono uko kwenye kitasa, tunasema mimi sijaandikwa humu. Nani alikuambia hujaandikwa? Ulimpima Mungu kwa kibaba cha nani?

Yeye aliuliza bei yako. Akaambiwa yote, na lile la Kabuku akaambiwa. Akaambiwa ukimwandika huyu, makosa yake yanakuwa yako. Akakuandika. Tangu siku ya kwanza, kabla hujaliendesha hata jambo moja vizuri. Na miaka yote unapita mbele kwa kiburi chako, Yeye yuko nyuma, hakupigii honi, anakuangalia usije ukasinzia. Mimi nimeishi miaka mingi na nimeona mambo, lakini hili nikilifikiria naishiwa maneno, na mnanijua maneno huwa hayaniishii.

Mama alipopona wakarudi Dar, na baba yule akamwandika kwenye gari jeusi. Mama akaligonga wiki ileile, kwenye mnazi uleule. Mume akatoka ndani, akatazama, akamwambia, "Limeshalipiwa, Mama Tumsifu. Ingia ndani upumzike."

Na wewe uliyekaa hapo mwisho, karibu na mlango, ambaye kila Jumapili unaondoka kabla ya baraka kwa sababu unadhani hazikuhusu. Leo usiondoke. Omba ufunguo.