Dawa Aliyoagiza Nabii

Wapendwa, kabla sijaingia kwenye somo, niazimeni masikio kidogo.

Kulikuwa na usharika mmoja huko milimani, uliompeleka kijana wake kusoma theolojia. Kijana anaitwa Mbonea. Akasoma, akaongeza, mpaka akawa mwalimu wa chuo. Alipokuja likizo, wakampa mimbari kwa furaha. Ndugu zangu, siku hiyo Mbonea alieleza neno moja la Kiebrania tangu aliposimama mpaka alipoketi. Neno moja! Wazee wakasinzia. Mama mmoja akakoroma hadi jirani yake akamfinya. Walipotoka nje, mzee wa kanisa akasema, "Kijana wetu ni mzuri, lakini huku hakuna Mwebrania hata mmoja. Atamhubiria nani?" Watu wakacheka. Tangu hapo, Mbonea akija likizo, hupewa kusoma matangazo.

Msicheke sana. Nanyi mngesinzia.

Basi, katika usharika huo alikuwepo mwalimu wa kwaya, Mama Nakijwa. Huyo akipandisha sauti, hata mpita njia mwenye mkungu wa ndizi kichwani husimama kwanza. Alikuwa na kisukari, anakunywa vidonge vyake, maisha yanaendelea. Siku moja akamsikia mhubiri redioni akisema mwenye imani ya kweli hamezi dawa. Na Mama Nakijwa hakuwa mtu wa mambo nusu nusu. Akabeba vidonge vyote, akavimwaga chooni, akatoka anaimba.

Haukupita muda akajikata na jembe kwenye kidole cha mguu. Kidonda kidogo tu. Hakikufunga. Mguu ukavimba, kidole kikaanza kuwa cheusi, homa ikapanda, na yeye kitandani bado anasema, "Nimeshapona. Hicho mnachokiona ni dalili tu."

Mumewe akamkimbilia mwinjilisti. Mwinjilisti wao alikuwa mtu wa watu, amezika wazazi wao na kubatiza watoto wao. Akafika, akaketi karibu na kitanda.

"Dada Nakijwa, twende zahanati."

"Mwinjilisti, Isaya ametuambia kwa mapigo ya Bwana tumepona. Au Isaya alikosea?"

Ninyi mngemjibuje? Mngesema nabii alikosea? Mwinjilisti naye hakuthubutu. Akaomba, akaaga, akatoka ameinamisha kichwa.

Njia ya kwenda kwake ilipita kando ya shamba la mama yake Mbonea. Mbonea alikuwa likizo, anapalilia maharage. Akamwona mwinjilisti amenyong'onyea, akaacha jembe.

"Kuna nini, baba?"

Mwinjilisti akamsimulia yote. Mbonea akapangusa mikono. "Amemshika Isaya? Basi na tumwache Isaya mwenyewe amjibu. Unakumbuka ugonjwa wa mfalme Hezekia?"

"Namkumbuka. Alilia, Mungu akamwongezea miaka."

"Na ni nani aliyempelekea habari hiyo njema?"

"Isaya."

"Na baada ya kumpelekea ahadi, akaagiza nini?"

Mstari huo mwinjilisti alikuwa akiupita tu kila asomapo. Mbonea akamwambia, "Akaagiza waweke mkate wa tini, yaani matunda ya mtini yaliyopondwa, juu ya jipu la mfalme. Watu wa kale walitibu vidonda kwa tini, baba. Ilikuwa dawa yao. Nabii yule yule, kitabu kile kile."

Mwinjilisti akamshika mkono. "Twende ukamwambie sasa hivi!"

Wakaenda. Mbonea akaamkia, akaanza. Akaeleza jinsi vitabu vya manabii vilivyopangwa, akaeleza tiba za Mashariki ya kale, akaeleza na lile neno la Kiebrania. Yote ya kweli! Mama Nakijwa akamtazama kwa huruma.

"Mwanangu, umesoma mpaka imani imekukimbia. Nitakuombea."

Mbonea akamgeukia mwinjilisti. Mwinjilisti akavuta kigoda.

"Dada Nakijwa, kwaya yako ikiimba ubeti mmoja ikaketi, utasemaje?"

"Nitawainua wamalize wimbo!"

"Basi Isaya umemwimba ubeti mmoja. Ngoja tumalize." Akamsimulia habari za Hezekia polepole: mfalme kitandani, uso ameugeuzia ukutani, analia. Mama Nakijwa akafuta machozi. Katika kitanda cha mfalme alijiona yeye mwenyewe. Ahadi ikaja, akasema, "Amina!" Kisha mwinjilisti akafika kwenye tini.

Mama Nakijwa akakunja uso. "Tini za nini tena? Si Mungu ameshaahidi kumponya?"

"Ndilo swali ninalokuuliza wewe."

Kitanda kikaanza kutikisika. Mama Nakijwa alikuwa anacheka, huku homa inamchoma, anacheka. "Isaya kaninasa! Mwiteni mume wangu anibebe!" Mumewe alikuwa mlangoni, hakungoja kuitwa mara ya pili.

Hospitalini kidole kimoja kilikatwa. Mguu ukabaki, na sauti ikabaki.

Siku ya shukrani akasimama mbele ya usharika na fimbo yake. "Namshukuru Mungu kwa mwinjilisti wetu. Huyu ndiye anayeijua Biblia, si hao wa vyuoni!" Makofi, vigelegele. Mbonea naye anapiga makofi, matangazo yako kwapani.

Mwinjilisti akainua mkono. "Nyamazeni. Siku ile nilipotoka kwa dada huyu mara ya kwanza, sikuwa na neno hata moja la kumwokoa. Nilikuwa natembea huku natafuta maneno ya kumzika."

Akamnyoshea Mbonea kidole.

"Neno nilipewa na huyo mnayempa matangazo."

Wapendwa, sisi tunaombea wahubiri, tunaombea kwaya, tunaombea hata spika zisikorome. Nani kati yetu amewahi kumwombea mtu aliyeketi na vitabu, anapekua ukurasa ambao sisi tuliuruka? Mwinjilisti peke yake alitoka mikono mitupu. Mbonea alipoeleza peke yake alifukuzwa kwa maombi! Walipounganisha nguvu, mama akaondoka kitandani.

Na ninyi mliosoma, mnaosikiliza huko nyuma mmekunja mikono, nina neno nanyi. Msingoje mpaka muulizwe. Huyu Mbonea aliacha jembe alipoona uso wa mwenzake umeanguka. Ingieni nyumba za wagonjwa, hata mkifukuzwa.

Leo katika usharika wetu huu kuna mtu ameshika mstari mmoja, na mstari huo unamuua taratibu. Mimi simjui. Huenda ameketi kando yako. Akikuuliza kesho, "Au nabii alikosea?", utakimbilia kwa nani?