Pumzi ya Bibi Rabab

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa Sham aliishi mja mwema aitwaye Wahbi bin Suhaili, fundi wa kupuliza kioo. Tangu ujanani alisimama mbele ya tanuri, mrija wa chuma mdomoni, akipuliza vichupa vya manukato na bilauri, na kutengeneza bangili za wanawake. Moto ukamla kifua. Uzeeni akawa hawezi kumaliza hata kichupa bila kuinama kukohoa.

Mkewe, Bibi Rabab, aliyekuwa akimchochelea moto miaka yote, akautwaa mrija. Mikononi mwake vikatoka vitu ambavyo Wahbi hakuwahi kuviota: mtungi wenye shingo ya njiwa, ushanga uliobeba uzi wa samawati ndani yake. Watu sokoni wakasema, "Subhanallah! Uzee umemzidishia Wahbi ustadi." Naye Wahbi akawaacha waamini hivyo, maana riziki yao ilisimama juu ya jina lake. Lakini sifa zile zilimchosha kuliko moto.

Siku moja mafundi wenzake wakaja kumtawaza mkuu wao. Bibi Rabab akamshika kanzu mlangoni.

"Mume wangu, ukatae ukuu ukitaka, ila usinitaje. Wakijua ni kazi ya mwanamke hatutauza hata ushanga. Mimi sitaki sifa, nataka unga."

Wahbi akatoka, akaketi mbele yao, kifua kikimkereketa.

"Ndugu zangu, pumzi yangu leo haizimi hata mshumaa. Vyombo mnavyovisifu ni vya mke wangu, Rabab. Nimekula sifa yake muda mrefu, na wallahi nimechoka."

Wakaondoka. Wanunuzi nao wakatoweka, bilauri zikashika vumbi. Bibi Rabab hakumlaumu, lakini hakusema naye ila la lazima; alimwekea uji mwepesi, akaenda zake kuswali. Wahbi akavuta subira, akiomba, "Ya Rabbi, kweli niliisema mimi, usimlipishe yeye njaa."

Hata asubuhi moja mama mmoja akapiga hodi, na binti yake bibi harusi. Bangili ya kioo haipiti mpaka kiganja kiminywe, nao waliona haya kushikwa mkono na mwanamume asiye maharimu yao.

"Tumesikia hapa yupo fundi mwanamke. Ni kweli?"

"Ni mimi," akasema Bibi Rabab.

Wakaja na wengine baada yao, mpaka tanuri likawa halipoi. Jioni moja akaketi kando ya mumewe, vidole vikimuuma.

"Nimechoka, Wahbi."

"Najua, mke wangu."

"Lakini leo wameniita fundi," akasema, akamwegemea begani.

Ndugu yangu, haki ya mtu haiwi yako kwa sababu mwenyewe hakuidai. Irudishe, ijapokuwa utalala njaa kwanza. Mwenyezi Mungu awarehemu wawili wale, atujaalie na sisi ulimi mkweli.