Ufa Uliozibwa kwa Nta

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Shamu alikuwako seremala mchaji aitwaye Dhirar bin Wasil. Alisifika kwa jambo moja: safu ya kwanza ya sala ya jamaa haikumpita. Watu walimsifu mbele ya uso wake, naye, Mungu amrehemu, alishaanza kuzionea utamu sifa zile.

Ukuta wa karakana yake ulipakana na nyumba ya wakfu ya kutibia wenye maradhi ya akili. Matabibu wa zama zile waliwatuliza wagonjwa kwa chombo cha muziki chenye nyuzi, ndugu yake kinanda kiitwacho kanuni. Humo alikuwamo mama aitwaye Sukaina, aliyefiwa na wanawe wote kwa tauni. Kutwa alijiparura uso hadi damu. Chombo kikipigwa, mikono ilimlegea, akalala. Dawa nyingine hazikumfaa.

Ikawa daraja la chombo, yaani ule mti unaozibeba nyuzi, limechakaa, na Dhirar akaitwa aweke jipya. Kazi hiyo ina adabu yake. Mti uwe mkavu kwelikweli, na kila kipini cha shaba cha kushikia nyuzi kitobolewe tundu lake kwanza kwa kekee nyembamba. Tena matundu yapishane, yasifuatane kwenye mshipa mmoja wa mti, maana kipini kikilazimishwa hugeuka kabari ya kuupasua mti. Dhirar aliyajua hayo kama anavyoijua Alhamdu. Lakini vilipobaki vipini vichache, ikaadhiniwa. Akaiona safu ya kwanza inampita! Akaweka kekee chini, akavigongomea vilivyobaki kwa nyundo bila tundu, na cha mwisho kikalia, ta! Mti ukafanya ufa mwembamba. Akaupaka nta, akaufuta kwa kidole, akakimbilia msikitini na kuiwahi nafasi yake.

Sala gani ile! Mwili ulikuwa msikitini, moyo umebaki kwenye ufa. Hata hivyo alikipeleka chombo, na msimamizi wa nyumba ile alipouliza, "Kazi imesalimika, ewe Dhirar?" akajibu, "Imesalimika, alhamdulillahi."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Chombo kilipopigwa mbele ya Sukaina, daraja likapasuka urefu wake wote, nyuzi zikafyatuka kwa kishindo. Yule mama akapiga yowe lililosikika hadi sokoni. Waliokuwapo wakaulaani mti. Msimamizi akamgeukia Dhirar, akasema, "Ni kadari ya Mungu, ndugu yangu, usijilaumu."

Hapo ndipo mtihani ulipokuwa, kwa kuwa mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Dhirar akalia, akasema mbele ya wote, "Msimsingizie Mungu, na mti hauna kosa. Niliupasua mimi kwa haraka yangu, nikauficha ufa, kisha nikasema uongo. Na haraka yenyewe ilikuwa ya kutaka nionekane mbele."

Lubaba, dada yake Sukaina, akamkabili. "Basi tengeneza jingine upesi! Huoni anavyojichana?"

"Naona, dada yangu. Lakini nikiharakisha litapasuka tena."

Akarudi karakanani, na mayowe ya Sukaina yakimfuata kupitia ukutani. Mara nyingi nyundo ilimjia mkononi, akairudisha. Akatoboa tundu, akapuliza vumbi, akagusisha kipini nta, akakisukuma taratibu, akaenda kwenye jingine. Ikiadhiniwa alikwenda kwa mwendo wake, akasimama popote alipopata nafasi. Wapo walionong'ona kwamba imani imempoa. Hayo hayakumuuma; yaliyomuuma ni yale mayowe, ambayo yalizidi kudhoofika, kisha yakanyamaza. Akashukuru, akidhani amelala.

Alipofika na chombo kikiwa kizima, alikuta jeneza mlangoni. Lubaba alisimama kando ya jeneza la dada yake.

"Nisamehe, dada yangu."

Lubaba akajibu, "Leo siwezi. Na kesho sijui kama nitaweza. Lakini usikirudishe kwako. Kiingize ndani, humo wamo wengine wanaolia."

Akakiingiza, ameinamisha kichwa.

Ndugu zangu katika imani, toba hufuta yaliyo kati ya mja na Mola wake. Haki ya kiumbe humngoja kiumbe mwenyewe, naye ana hiari ya kutosamehe. Ewe Mola, tukinge na ibada ya kuonekana, inayomkanyaga mja Wako ili iwahi mbele.